Mandhari ya kuazima ni nini, na utaionaje kwenye bustani za Kichina na Kijapani za Portland

Wengi wetu tukiingia bustani ya Kijapani au ya Kichina tunaangalia vilivyomo ndani, samaki, daraja, mawe, ile miti iliyopindwapindwa, tunapiga picha tunatoka. Ila kuna kitu kimoja ukishakielewa utaziangalia hizi bustani kwa jicho jingine kabisa, na chenyewe kiko nje ya ukuta. Ni mandhari ya kuazima, Wachina wanaita jiejing na Wajapani wanaita shakkei. Yaani fundi anachukua kitu kisicho cha kwake, mlima wa huko mbali, mnara wa hekalu la jirani, hata mvua, halafu anapanga bustani yake hadi kile kitu kionekane ni sehemu yake.

Wazo ni la zamani sana. Fundi mmoja wa China enzi za Ming, Ji Cheng, aliandika kitabu kizima kuhusu kutengeneza bustani, alikimaliza 1631, na humo anasema kuazima mandhari ndiyo jambo kubwa kuliko yote. Akataja na namna zake: unaazima cha mbali, cha jirani, cha juu ukiinua macho, cha chini ukiinamisha, na kile kinacholetwa na majira. Hii ya mwisho ndo naipenda zaidi, nitaifikia.

Mfano ambao naona unaeleweka haraka ni hekalu la Entsu-ji, kaskazini mwa mji wa Kyoto, Japani. Unakaa chini barazani, umetulia. Mbele yako kuna kuvumwani ya kijani (moss, vile vijimea laini vinavyotanda chini kama zulia) na mawe yaliyolala chini chini, mbele kidogo kuna wigo wa miti uliokatwa ukanyooka, juu ya wigo kuna vigogo vya miti mirefu vimesimama kama nguzo, na katikati ya vile vigogo, mbali kule, mlima Hiei wenye mita 848. Sasa fundi hajajenga mlima, mlima ulikuwepo, kazi yake yote iko hapo katikati, kwenye wigo. Kati ya hekalu na mlima kuna mabonde, nyumba, barabara, nyaya za umeme, na wigo umekatwa kwa urefu ambao unaficha hivyo vyote bila kuula mlima. Ukiachwa ukue unaumeza mlima, ukikatwa sana mapaa yanachungulia. Kwa hiyo kila msimu mtu anakuja na mkasi wake kuurudisha pale pale, na asipokuja mandhari inapotea japo mlima haujasogea hata inchi.

Na hapo ndo utaona kwa nini hili ni jambo la mji mzima, sio la mwenye bustani peke yake. Mtu akijenga gorofa mahali pabaya, bustani iliyotunzwa miaka mia kadhaa imekwisha siku hiyo hiyo, hata kama hakuna aliyegusa ua lake hata moja. Kyoto mwaka 2007 waliweka sheria za mandhari, wakapunguza urefu wa majengo na wakalinda mitazamo ya sehemu maalum, Entsu-ji ikiwemo. Yaani mtu wa mbali kule anabanwa kwenye ujenzi wake kwa ajili ya anachokiona mtu aliyekaa barazani kwa hekalu, na mimi naona wako sahihi kabisa.

Sasa twende Portland, kule Oregon, Marekani, maana pale mji mmoja una bustani zote mbili na unaweza kuzitembelea siku moja ukaona kuazima kwa namna mbili tofauti.

Ya Kijapani iko juu milimani, ndani ya Washington Park, mahali palipokuwa na zuu zamani. Aliyeichora ni Profesa Takuma Tono mwaka 1963, watu wakaanza kuingia 1967. Nenda hadi kwenye banda kubwa. Upande mmoja kuna bustani ya mchanga uliochanwa mistari, na visiwa viwili vya kijani, kimoja umbo la kibuyu kingine umbo la kikombe, pale macho yanabaki ndani. Zunguka upande wa mashariki ndo unakutana na kuazima kwenyewe: miti pembeni, mji chini yako, na nyuma ya mji mlima Hood, mita 3,429, una theluji kileleni, uko kama kilomita 80 kutoka hapo lakini siku ya jua kali utadhani umeletwa karibu. Wengi wanausemea kwamba ni kama mlima Fuji wa Japani, na kweli umbo linakaribiana. Tofauti na Entsu-ji, hapa mji haujafichwa, magorofa unayaona, na kwangu hilo halipunguzi kitu kwa sababu banda limeelekezwa kule makusudi na miti ya pembeni inakuongoza jicho hadi kwenye theluji.

Ya Kichina inaitwa Lan Su, iko mtaa wa Chinatown, chini kabisa mjini, imejaza bloku moja tu na imezungushiwa ukuta mweupe. Ilifunguliwa 2000, wakaijenga mafundi waliotoka Suzhou kule China, mji dada wa Portland, na mawe yale yenye matundu matundu yalisafirishwa kutoka ziwa Tai. Hapa mlima huuoni, sasa unaazima nini? Unaazima cha jirani, na jirani hapa ni chumba cha pili cha bustani hiyo hiyo. Bustani imekatwakatwa vyumba vyumba, na kwenye kuta kuna madirisha ya nakshi, kila moja na nakshi yake, unapita unaona kipande cha mwanzi au kona ya jiwe ya upande wa pili, unakitamani, unatembea kukifuata, ukifika unakuta dirisha lingine linakuonyesha pale ulipotoka. Ndo maana bustani ndogo vile inaonekana haiishi. Tafadhali usiipite mbio.

Juu ya mapaa ya Lan Su utaona jengo refu la ofisi limetokeza, na hapa watu wanachanganya. Hilo halijaazimwa. Pale Suzhou kwenye bustani maarufu ya Zhuozheng, ukisimama mwisho wa bwawa unaona mnara wa hekalu la Beisi umekaa sawasawa mwishoni mwa maji, mtu aliyapanga maji na miti viuelekee ule mnara, hiyo ndiyo kuazima. Kitu kutokea tu juu ya ukuta bila kupangiwa nafasi ni jirani tu, hata kingekuwa kizuri namna gani.

Na ile ya majira. Kwenye hiyo hiyo Zhuozheng kuna banda la kusikilizia mvua, wamepanda migomba pembeni ili matone yapige kwenye majani. Aliyekulia Bukoba au Rungwe hahitaji kuelezwa huo mlio. Lan Su nayo ina vigae vyenye ncha pembeni mwa paa, mvua ikinyesha maji yanashuka mstari mstari mbele yako wewe umekaa pakavu. Portland inanyesha sana kuanzia vuli hadi masika, kwa hiyo mvua isikufanye uahirishe safari, hiyo ndo siku ya Lan Su.

Siku ya jua anza na Lan Su asubuhi, kule juu kwenye ya Kijapani panda mchana. Hood iko mashariki mwa mji, asubuhi jua linatokea upande wake linakupiga machoni na mlima unakuwa kivuli tu, mchana likishapita utosini linahamia nyuma yako linaimulika theluji. Zote mbili zina kiingilio, na kabla hujapoteza nauli ya kwenda juu, angalia mawingu ya mashariki kwanza.