Jaketi la mvua "linalopumua": yanayosemwa na yaliyo kweli

Vuli ikianza kunukia, watembeaji wa vilima vya Isamilo, Bugando na Capri Point jijini Mwanza huanza kuulizana habari za majaketi. Wanaojiandaa kwenda Meru au Kilimanjaro huuliza zaidi, kwa kuwa huko kulowa si usumbufu tu bali ni hatari. Majibu mengi yanayozunguka yana ukweli nusu, na ile nusu nyingine ndiyo inayomgharimu mnunuzi.

"Linapumua, kwa hiyo sitalowa jasho"

Hii ndiyo dhana inayouza majaketi mengi kuliko zote. Ndani ya jaketi la aina hii, nyuma ya kitambaa cha nje, kuna utando mwembamba. Aina moja ya utando ina vitundu vidogo mno, tone la maji haliwezi kupenya lakini mvuke unapita. Ya kwanza kupata umaarufu ilitokana na kazi ya Mmarekani Bob Gore, aliyegundua mwaka 1969 kwamba plastiki ya PTFE ikivutwa kwa ghafla hutanuka na kujaa vitundu. Aina ya pili haina vitundu kabisa. Inanyonya unyevu upande wa ndani na kuutolea nje.

Zote mbili hazisukumi chochote. Mvuke hutoka kwa sababu moja tu: ndani kuna mwingi kuliko nje. Tofauti hiyo ikipungua, kutoka nako kunapungua, hata kama jaketi ni la bei mbaya.

Tufanye hesabu. Hewa iliyoshiba unyevu ndani ya jaketi, kwenye joto la nyuzi 30, ina shinikizo la mvuke la kilopaskali 4.2 hivi. Mvua ya Mwanza ikinyesha na joto la nje likiwa nyuzi 21, hewa iliyoshiba nje ina takribani 2.5. Tofauti ni 1.7. Mpeleke mtu yuleyule kambi ya Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, kwenye nyuzi 5: hewa iliyoshiba ya nje ina 0.9 tu, na tofauti inafika 3.3. Jaketi ni lilelile, lakini kani ya kutoa mvuke imekaribia kuwa maradufu. Ndiyo maana mtu hulisifia jaketi lake akiwa Kilimanjaro, kisha akilivaa kupanda mawe ya Mwanza mwezi Aprili anajiona kama yuko ndani ya sufuria lililofunikwa.

Kwa matembezi ya huku, kwa hiyo, kabla ya kuuliza jina la utando angalia matundu ya kutolea hewa. Zipu za kwapani zenye urefu wa sentimita 25 au zaidi, zinazofunguka kwa slaida mbili, hutoa unyevu mwingi kuliko utando wowote. Mifuko ya kifuani yenye bitana ya wavu nayo husaidia ikiachwa wazi. Mikono iwe na velkro ya kulegeza, siyo lastiki iliyoshonewa moja kwa moja. Na pengine muhimu kuliko vyote: punguza mwendo mvua inapoanza. Mtu anayepanda kwa kasi kwenye joto anaweza kutoa lita moja ya jasho kwa saa.

"Namba kubwa ndiyo bora"

Kwenye lebo utakuta namba mbili, mfano 20,000/15,000. Ya kwanza ni ya maji. Maabara huweka kitambaa chini ya shinikizo la maji linalopandishwa polepole, wakasoma urefu wa safu ya maji kwa milimita pale matone yanapoanza kujitokeza upande wa pili. Namba 10,000 maana yake ni safu ya mita 10.

Mvua peke yake haina shinikizo la namna hiyo. Kinacholeta shinikizo ni mkanda wa begi la mgongoni, kukaa juu ya mwamba uliolowa, au kupiga magoti. Mtu wa kilo 70 akiegemeza uzito wake wote kwenye eneo la sentimita za mraba 100, anabana kitambaa kwa nguvu sawa na safu ya maji ya mita 7. Kitambaa cha 1,500 hapo kinasalimu amri. Cha 10,000 bado kinahimili. Kwa kutembea na begi, 10,000 inatosha kwa jaketi jipya, na 20,000 inakupa akiba kadiri kitambaa kinavyochakaa. Zaidi ya hapo unalipia namba.

Namba ya pili ni ya mvuke: gramu zinazopita kwenye mita moja ya mraba kwa saa 24. Hapa ndipo penye ujanja. Jaketi lina kama mita moja na nusu ya kitambaa, hivyo 10,000 kwenye makaratasi ni zaidi ya gramu 600 kwa saa, na ingeonekana yatosha. Lakini kuna njia kadhaa za kupima na kila moja hutoa jibu lake. Kitambaa kimoja kinaweza kupata 8,000 kwa njia moja na zaidi ya maradufu kwa nyingine, na mtengenezaji huchapisha inayompendeza. Usilinganishe namba hizo kati ya kampuni na kampuni. Ukiona kipimo cha RET, yaani ukinzani wa kitambaa kwa mvuke, hicho kina kiwango kimoja cha kimataifa na kinasomwa kinyume: kidogo ndicho kizuri. Chini ya 6 ni bora sana, 6 hadi 13 ni nzuri, ikizidi 20 jiandae kuloa jasho.

"Limevuja"

Mara nyingi halijavuja. Mvuke ukikutana na kitambaa kilichopozwa na mvua hugeuka matone upande wa ndani, na shati linalowa vilevile kama maji yangeingia. Soma ramani ya unyevu. Mgongo, kifua, kwapa na sehemu ya ndani ya mikono vikilowa kwa upana, hilo ni jasho. Mstari mwembamba kwenye bega, chini ya zipu, shingoni au kwenye vifundo vya mikono, hayo ni maji ya mvua.

Ukitaka uhakika, vaa jaketi juu ya shati kavu la rangi ya kijivu, rangi inayoonyesha unyevu haraka, funga kila kitu, kisha simama bafuni chini ya bomba la mvua kwa dakika 10 bila kujitikisa. Ukitoka mkavu, utando ni mzima.

Kama ni maji kweli, anza kushuku mishono. Sindano imetoboa kila milimita chache, na kinachoziba matundu hayo ni tepu iliyobandikwa kwa joto upande wa ndani. Baadhi ya majaketi huwekewa tepu mabegani na kwenye kofia tu. Hayo ni ya mvua ya kutoka ofisini hadi kituo cha daladala.

"Zipu isiyopitisha maji haipitishi maji"

Inachelewesha. Ile yenye mpako wa plastiki nje hupitisha mvua inayopigwa na upepo, hasa mpako ukianza kupasuka kwenye mikunjo. Uwepo ukanda wa kitambaa nyuma ya zipu kuu, na sehemu ya juu ya zipu iishie ndani ya kifuko kidogo chini ya kidevu.

"Likianza kunyonya maji nje, limekufa; na ukilifua ndiyo unaliua kabisa"

Kitambaa cha nje si utando. Ni naileni au poliesta ya kawaida iliyopakwa dawa ya kufukuza maji ili matone yajiviringe na kuanguka. Dawa hiyo huisha: mkanda wa begi huisugua, vumbi, moshi wa kuni, jasho na mafuta ya ngozi huifunika. Kitambaa kikilowa, utando bado unazuia maji, ila sasa kuna tabaka la maji lililoziba njia ya mvuke. Jaketi linakuwa zito, la baridi, na ndani unaloa. Mtu analitupa, kumbe lilihitaji kufuliwa. Dawa za sasa zisizo na kemikali za florini huathirika na mafuta upesi zaidi, kwa hiyo zinataka kufuliwa mara kwa mara kuliko zile za zamani.

Kufua ni hivi. Funga zipu zote, legeza kamba na velkro. Tumia maji ya vuguvugu, nyuzi 30, na sabuni ya maji isiyo kali, kiasi kidogo. Sabuni ya unga huacha mabaki yanayovuta maji, na dawa ya kulainisha nguo ni mbaya zaidi. Jiki usiiguse. Sugua kola na ncha za mikono ya jaketi kwa mkono, siyo kwa brashi ngumu. Suuza mara tatu, au hadi povu liishe kabisa. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu povu kidogo lililobaki linatosha kuharibu kazi yote. Usikamue kwa kusokota. Tundika kivulini, kwa maana jua la ziwani hula naileni.

Likishakauka, dawa iliyobaki inaamshwa kwa joto. Kwa kuwa mashine za kukaushia ni nadra kwetu, tumia pasi kwenye moto wa chini kabisa, bila mvuke, na taulo jembamba katikati ya pasi na jaketi. Soma lebo kwanza. Yenye alama ya pasi iliyokatwa msalaba iheshimu. Kisha nyunyizia maji. Matone yakijiviringa, umemaliza. Yakitanda, nunua dawa ya kupulizia, ipulizie jaketi likiwa bado na unyevunyevu wa kufuliwa, upande wa nje pekee, ukizidisha mabegani na kwenye kofia, halafu baada ya dakika mbili futa ziada kwa kitambaa. Ile ya kuloweka hupaka hadi bitana, na bitana tunataka inyonye.

"La mtumba ni bahati nasibu"

Ni bahati nasibu kwa asiyepekua. Pale kwenye soko la mitumba la Mlango Mmoja hupita majaketi mazuri ya milimani, yamechanganyika na ya kuendeshea baiskeli na ya kuvaa mjini tu. Nembo iliyotariziwa kifuani haithibitishi kitu, hiyo hata cherehani ya mtaani inaiweka. Ligeuze ndani nje. Tafuta tepu kwenye kila mshono, ukianza na kofia, mabega na kwapa. Ikiwa inabanduka au imefanya mapovu, rudisha. Pitisha kiganja kwenye utando. Unaonata, unaotoa unga mweupe au unaomenyuka kama ngozi iliyoungua na jua umekufa, na hakuna dawa ya kuurudisha. Kwa kawaida huwa ni mpako wa poliurethani ulioliwa na joto na unyevu kwa miaka, na mara nyingi unanuka uchachu kabla hujauona.

Kisha bonyeza kitambaa kifanye kibakuli, mimina maji kikombe kimoja, subiri dakika tano, uminye kwa kidole kutoka juu. Fanya hivyo begani, si mgongoni: mabega ndiyo yaliyobeba mikanda. Muuzaji akigoma maji yasimwagwe, nawe goma pesa.

Jaribu ukiwa umevaa sweta. Inua mikono: pindo lisipande juu ya mkanda wa suruali, vifundo vya mikono visibaki wazi. Geuza kichwa kushoto na kulia. Kofia ifuate uso, isikuache ukitazama bitana.

"Chini vaa tisheti ya pamba inyonye jasho"

Itanyonya, na itabaki nalo. Pamba iliyolowa haikauki chini ya jaketi, na ukisimama kwenye upepo inakupoza. Jezi ya mpira ya poliesta, iwe ya Simba, Yanga au Pamba Jiji, inafanya kazi vizuri kuliko tisheti yoyote ya pamba.

"Koti la mpira la wavuvi ndilo la uhakika"

Kwa aliyekaa mtumbwini au juu ya bodaboda, sawa kabisa, tena kwa bei hiyo hakuna la kulipita. Kwa anayepanda mlima halitoi mvuke hata kidogo, na baada ya nusu saa tofauti ya aliyelivaa na asiyelivaa ni joto tu.

"Nikinunua la Kilimanjaro, litafaa kila mahali"

Linafaa, lakini unalipia kisichotumika. Joto hushuka kwa takribani nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000. Kutoka Mwanza, kwenye mita 1,140, hadi Horombo unapoteza nyuzi 16 au 17. Huko chukua jaketi la tabaka tatu, ambalo utando umegandishwa kati ya kitambaa cha nje na bitana, lenye kofia inayokazwa na nafasi ya sweta la flisi ndani. Uzito wa gramu 400 hadi 500 si tatizo. Kwa vilima vya Mwanza na Ukerewe inatosha jaketi jepesi la tabaka mbili na nusu (badala ya bitana, utando una mpako mwembamba tu upande wa ndani), gramu 250 hadi 350, lenye zipu za kwapani, au hata poncho inayofunika na begi, mradi hakuna upepo. Angalia tu unene wa nyuzi: granaiti ya huku hukwaruza kama msasa, na kitambaa cha denia 20 hakidumu kwa anayepita akijibana katikati ya mawe. Denia 40 ndiyo ya kuanzia.

Likitoboka, tafuta kiraka cha kubandika chenyewe. Safisha eneo kwa spiriti, acha likauke, kata kiraka kikizidi tundu kwa sentimita mbili kila upande na pembe zake uzikate ziwe za mviringo, maana pembe kali hunasa na kubanduka. Bandika ndani na nje, kandamiza chini ya kitabu kizito, na usilifue kabla ya saa 24.