Je, Wajua Kwa Nini Jua Likipatwa Watu Hukimbilia Kusali?

Ijumaa ya tarehe 15 Januari 2010, Nairobi ilipambazukiwa na jua ambalo muda si mrefu lilianza kuliwa upande mmoja. Lilianza kumegwa baada ya saa moja asubuhi, watu wakiwa kwenye matatu wakielekea kazini. Kufikia saa mbili na nusu hivi, mwezi ulikuwa umekaa katikati ya jua na kuacha pete ya moto pembeni. Pete hiyo ilidumu karibu dakika 7.

Ajabu ni kwamba ungeweza kuipitia asubuhi ile bila kujua kitu. Zaidi ya asilimia 80 ya uso wa jua ilikuwa imezibwa, lakini jicho la binadamu halipimi mwanga, linauzoea. Mwanga ukipungua polepole, mboni inapanuka polepole, na unachohisi ni kwamba kumekuwa na wingu jembamba na kibaridi kidogo cha Januari.

Aliyekuwa na nafasi nzuri ya kuliona tukio hilo bila hata kuinua kichwa ni yule aliyekuwa ndani ya nyumba ya mabati yenye matundu ya misumari upande wa mashariki. Siku za kawaida, kila tundu hupitisha mwali unaoangukia sakafuni au kwenye ukuta wa pili na kuacha kidoa cha mviringo. Wengi hudhani kidoa ni cha mviringo kwa sababu tundu ni la mviringo. Sivyo. Tundu likiwa dogo vya kutosha, hata likiwa la pembe tatu, kidoa kitabaki cha mviringo, kwa sababu kile ni picha ya jua lenyewe. Asubuhi ile, kila tundu la msumari lililopigwa na jua lilichora pete. Chini ya miti ilikuwa vivyo hivyo, maana nafasi ndogo kati ya majani hufanya kazi ileile. Unaikuta njia ya miguu imejaa pete za mwanga, na ukitaka kuyakagua mambo haya bila kuunguza macho, hakuna njia bora zaidi.

Sasa, tukio la aina hii likikaribia, simu nazo hazitulii. Unatumiwa sauti ya mtu asiyejulikana akisema kiongozi fulani hatamaliza mwaka. Mwingine anaonya kwamba wajawazito wasitoke nje. Pale bustani ya Jeevanjee, katikati ya Nairobi, mhubiri wa saa ya chakula cha mchana akipata habari hizi hana haja ya kutafuta somo. Atafungua Yoeli sura ya 2, panaposema jua litageuzwa kuwa giza na mwezi kuwa damu. Swali la kuuliza ni hili: jambo ambalo saa na dakika yake zilijulikana miaka mingi kabla, mbona bado linatufanya tuulize Mungu anasema nini?

Tuanze na hesabu, kwa sababu hesabu yenyewe ina ajabu yake. Kipenyo cha jua ni kama kilomita milioni 1.39, cha mwezi ni kilomita 3,474. Jua ni pana kuliko mwezi mara 400. Lakini pia liko mbali nasi karibu mara 400 kuliko mwezi. Simama Uhuru Park, fumba jicho moja, nyoosha mkono na uinue kidole gumba: jengo la KICC litafichika nyuma yake, kwa kuwa kidole kiko karibu na jengo liko mbali. Mwezi hufanya hivyohivyo kwa jua, ila wenyewe hulitosha barabara, bila kuzidi sana wala kupungua sana.

Hakuna kanuni ya fizikia inayolazimisha mambo yawe hivyo. Tena hayatabaki hivyo. Mwezi unatuhama kwa sentimita 3.8 kila mwaka. Hilo hupimwa kwa miali ya leza inayorushwa kwenye vioo walivyoviacha wanaanga wa Apollo huko mwezini. Baada ya miaka milioni 600 hivi, utakuwa mbali mno kuliziba jua lote. Binadamu tumejikuta tunaishi katika kipindi ambacho vipimo vinalingana. Mimi, kama kuna kitu katika habari hii kinachonifanya ninyamaze kidogo, ni hicho. Giza lenyewe, tuseme kweli, hata kampuni ya umeme, Kenya Power, huweza kutuletea.

Pete ya 2010 ilitokea kwa sababu siku hiyo vipimo havikulingana vizuri. Njia ya mwezi si duara kamili; kuna wakati uko kilomita 357,000 kutoka kwetu na kuna wakati uko zaidi ya 400,000. Siku hiyo ulikuwa karibu na mwisho wake wa mbali, kwa hiyo ulionekana mdogo. Nayo dunia hukaribia jua zaidi mwanzoni mwa Januari, kwa hiyo jua lilionekana kubwa. Mwezi mdogo mbele ya jua kubwa: matokeo yake ni pete iliyokaa kuliko zote za milenia hii. Katika Bahari ya Hindi ilizidi dakika 11, na haitapatikana ndefu kuliko hiyo hadi mwaka 3043.

Mbona basi jua halipatwi kila mwezi, ilhali mwezi hupita upande wa jua kila baada ya siku 29 na nusu? Kwa sababu njia yake imeinama kwa nyuzi 5 hivi kutoka njia ya dunia kulizunguka jua. Mara nyingi hupita juu au chini ya jua, na kivuli chake kinapotelea angani. Ni mara mbili tu kwa mwaka, takriban, ambapo njia hizo hukutana kwa namna inayowezesha kivuli kugusa dunia. Na kikigusa, chenye giza kamili huwa na upana usiozidi kilomita mia mbili na kitu. Wachache ndani ya ule mkanda huona usiku wa mchana. Waliobaki huona jua lililomegwa.

Hapa pana jambo ambalo Muislamu yeyote anayefuata mwezi mwandamo atalitambua mara moja. Jua haliwezi kupatwa katikati ya mwezi wa Kiislamu. Hupatwa mwishoni, tarehe 28 au 29 hivi, pale mwezi unapokuwa kati yetu na jua na hauonekani kabisa. Ukilishika hilo, unaweza kuvisoma upya visa viwili mashuhuri.

Cha kwanza ni cha Madina. Mtume Muhammad alikuwa na mtoto mdogo, Ibrahim, aliyefariki akiwa angali mchanga. Siku hiyohiyo jua likapatwa. Wataalamu wa falaki wamekokotoa kwamba hiyo ilikuwa 27 Januari 632. Watu wa Madina wakafanya lile ambalo sisi tungefanya: wakaunganisha mambo mawili, wakasema jua limeingia giza kwa msiba wa mwana wa Mtume. Fikiria jinsi ambavyo kiongozi mwingine yeyote angeliacha neno hilo lienee. Yeye akalikataa papo hapo. Akawaambia kwamba jua na mwezi ni ishara mbili miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu, na havipatwi kwa sababu ya kufa mtu wala kuishi kwake. Mkiona hivyo, ombeni na mswali mpaka kiishe.

Swala hiyo, ya kusufu, yaani ya kupatwa kwa jua, huswaliwa mpaka leo. Haina adhana wala ikama. Watu huitwa tu kwamba kuna swala ya jamaa. Rakaa ni mbili, lakini kila moja ina rukuu mbili na visomo viwili, na visomo hurefushwa. Siku ile ya Madina kisimamo kilikuwa kirefu hata Asmaa binti Abubakar akashikwa na kizunguzungu, akawa anajimwagia maji kichwani. Kwa hiyo Ijumaa ya 2010, aliyetaka kuifuata sunna hiyo Nairobi alikuwa na swala ya asubuhi ya kusufu kabla hata ya swala ya Ijumaa.

Angalia vizuri kilichotokea. Neno "ishara" halikutupwa, lakini "nuksi" ilitupwa. Ishara inamwelekeza mtu kwa aliyeumba. Nuksi inadai kujua fulani atapatwa na nini wiki ijayo. Sauti zinazosambazwa kwenye simu, hata zikianza na bismillahi, ziko upande wa nuksi, na dini yenyewe ilishaujibu upande huo karne 14 zilizopita.

Kisa cha pili ni cha Msalaba. Injili zinasema giza lilitanda juu ya nchi tangu saa sita mpaka saa tisa. Mara kwa mara utasikia mtu akieleza kwamba hapo jua lilipatwa. Haiwezekani, na sababu ni ileile ya mwezi. Yesu alisulubiwa wakati wa Pasaka ya Wayahudi, na Pasaka hiyo huangukia mwezi mpevu, wakati mwezi uko upande wa pili wa dunia kabisa, mbali na jua. Isitoshe, giza kamili la jua kupatwa halijawahi kufika hata dakika 8 mahali pamoja, sembuse saa tatu. Mwandishi Mkristo Julius Africanus aliliona hilo tangu karne ya 3, akampinga mtu aliyekuwa akilieleza giza lile kwa njia hiyo. Mkristo anayeamini giza lile lilikuwa muujiza anasimama imara zaidi kuliko yule anayetafuta kuegemea falaki.

Wahindu nao, ambao mahekalu yao yako Ngara na Parklands, wana simulizi la Rahu, aliyekunywa maji ya uzima kwa hila akakatwa kichwa. Kichwa hakikufa, hulimeza jua kwa kisasi, nalo hutokea tena shingoni kwa kuwa hakuna tumbo la kulihifadhi. Wakati huo mahekalu mengi hufungwa, watu hufunga kula, kisha huoga. Onyo kwa wajawazito linasikika sana katika mila hizi. Kitabibu, kivuli cha mwezi hakina dhara kwa mimba.

Simulizi ninayoipenda zaidi ni ya Wabatammaliba wa kaskazini mwa Togo na Benin. Kwao, jua na mwezi vinapigana, na kinachotakiwa chini ni watu wenye ugomvi wapatane ili huko juu nako kutulie. Hakuna anayetabiriwa kifo. Mtu anaambiwa amtafute jirani waliyenuniana.

Ndiyo maana nadhani watu hukosea wanaposema hesabu imeua maana. Wababeli walikwisha kugundua, karne nyingi kabla ya Kristo, kwamba kupatwa hujirudia kila baada ya miaka 18, siku 11 na theluthi ya siku. Theluthi hiyo ndiyo inayohamisha kivuli: dunia inakuwa imezunguka theluthi zaidi, kwa hiyo ndugu wa pete yetu ya 2010 atatokea tarehe 26 Januari 2028, lakini Amerika ya Kusini na Hispania. Kujua ratiba hakukuwafanya wanaoswali waache kuswali, kama ambavyo kujua saa ya magharibi hakumzuii mtu kuadhini. Kilichokufa ni utabiri tu. Tukio linaloweza kuandikwa kwenye kalenda miaka elfu kabla haliwezi kuwa limepangwa kwa ajili ya uchaguzi wetu.

Kenya imebahatika. Tarehe 30 Juni 1973 giza kamili lilipita kaskazini, kule Ziwa Turkana, na 16 Februari 1980 likapita kusini mwa nchi. Tarehe 3 Novemba 2013 lilirudi Turkana kwa sekunde chache tu, na waliosafiri hadi hifadhi ya Sibiloi, kando ya ziwa hilo, wakazuiwa na vumbi na mawingu. Nairobi siku hiyo iliona jua lililomegwa jioni.

Neno kuhusu macho, kwa kuwa hapa ndipo watu huumia kweli. Retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haina neva za maumivu. Inaungua bila wewe kuhisi, na unagundua saa kadhaa baadaye, doa jeusi likiwa katikati ya kila unachotazama. Miwani ya jua ya kawaida haifai, hata ukivaa miwili. Filamu za eksirei, negativu za picha, kioo chenye masizi, beseni la maji: vyote hivyo vinapunguza mng'aro bila kuzuia miali inayounguza. Kioo cha fundi wa kuchomelea vyuma kinafaa kikiwa namba 14, na vingi utakavyoazima kwa mafundi wa jua kali ni vya namba ya chini ya hapo. Miwani maalumu ya kutazamia jua huwa na alama ya ISO 12312-2. Usipoipata, toboa katoni kwa sindano, lipe jua mgongo, utazame kidoa kwenye karatasi.

La kusubiri sasa ni la tarehe 2 Agosti 2027. Kivuli kitaanzia Atlantiki, kipite Afrika Kaskazini, na karibu na Luxor, Misri, giza litazidi dakika 6. Kisha kitavuka Bahari ya Shamu na kupita juu ya Makka yenyewe, mchana baada ya adhuhuri, kabla ya kufikia Yemen na ncha ya kaskazini mashariki ya Somalia. Nairobi tutaona jua lililomegwa tu. Itakuwa Jumatatu, kwa hiyo anayetaka kuliona giza kamili aanze mapema kuomba likizo.