Kwa nini kompyuta mpakato hutekenya vidole inapochajiwa

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni kwa nini kompyuta mpakato yenye kifuniko cha chuma hutekenya ngozi mara tu chaja inapochomekwa, kisha hutulia ikichomolewa.

Ndani ya adapta, yaani kile kisanduku cha chaja, umeme wa volti 230 hugeuzwa kwanza kuwa umeme mnyoofu wa takriban volti 325, kisha hukatwakatwa maelfu ya mara kwa sekunde na kupitishwa kwenye transfoma ndogo hadi utoke ukiwa na volti 19 au 20. Ukataji huo huzaa kelele za umeme (si za sauti) za masafa ya juu, na ili kuzirudisha zilikotoka, mbunifu huunganisha upande wa umeme mkali na upande wa kompyuta kwa kapasita (kijenzi kidogo kinachohifadhi chaji ya umeme) ya aina ya Y, iliyoundwa kwa usalama mahali hapo, aghalabu ya nanofaradi 1 hadi 4.7. Hiyo ndiyo hupenyeza umeme mdogo hadi kwenye chuma unachokigusa.

Nilipopima kompyuta iliyotumia adapta ya pini mbili, mita ilionyesha volti 97 kati ya kifuniko na ardhi. Namba hiyo hutisha bure, kwani nilipounganisha rezista (kijenzi cha kuzuia mkondo) ya kiloomu 10 kati ya sehemu hizo mbili ilishuka chini ya volti 2, yaani mkondo haukufika hata miliampea 0.2.

Adapta ya pini mbili huwa na alama ya mraba ndani ya mraba: usalama wake unategemea uhami maradufu, yaani kinga mbili za kuzuia umeme usipite, si waya wa ardhi, ambao mafundi tunauita ethi. Katika adapta nyingi za pini tatu, ethi huunganishwa na hasi ya upande wa kompyuta, hivyo umeme huo hutoroka kabla haujakufikia. Ukihisi mtekenyo hata kwa adapta ya namna hiyo, shuku soketi isiyo na ethi, au pini iliyokatwa ili plagi iingie, tabia ninayoichukia kupita zote.

Ninachokiogopa hasa ni adapta bandia zilizofungwa kapasita ya kawaida. Kapasita halisi ya Y imeundwa ili ikiharibika ikate njia. Ile ya kawaida inaweza kuungana moja kwa moja, na hapo chuma chote hubeba umeme wa kuua. Mshtuko unaokaza misuli si mtekenyo tena: zima umeme kwenye swichi kabla ya kugusa chochote.

Kabla ya kulaumu kompyuta, mimi hupima kwanza waya wa ethi toka ncha hadi ncha, adapta ikiwa imechomolewa, na mara nyingi huukuta umekatika pale unapojikunja karibu na plagi.