Daktari wa saratani hafundwi na profesa peke yake

Hapa Unguja wengi huamini kwamba daktari wa saratani hutengenezwa na profesa mmoja bingwa, basi. Si kweli. Profesa humpa msingi. Maamuzi ya kila siku hufunzwa na wenzake. Mtaalamu wa patholojia, yaani mchunguzi wa vipande vya nyama ya mgonjwa, humwita kwenye darubini: "Tazama hapa, seli zimeshapenya tishu ya jirani," na mpango wa matibabu hubadilika. Muuguzi mkongwe wa Hospitali ya Mnazi Mmoja humwonesha mshipa usiofaa kutiwa dawa, maana baadhi ya dawa za saratani zikivuja huunguza nyama. Muuguzi huyo ni mwalimu tusiyemshukuru vya kutosha. Kisha wapo mabingwa wa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, wa kushauriana nao kabla mgonjwa hajapanda boti kwenda kupigwa mionzi.