Muswada wa elimu ya watu wazima si posho mkononi

Upo ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya mazungumzo, kila mara ukiwa na tarehe mpya, usemao kwamba sheria ya kuimarisha elimu ya watu wazima na mafunzo ya kazi imeshapita, hivyo kila asiye na cheti ajisajili upesi alipiwe ada na kupewa posho.

Mara nyingi picha inayoambatana nao ni halisi, ila ni ya ukurasa wa kwanza wa muswada, na neno "Muswada" linasomeka wazi pale juu. Muswada ni pendekezo: husomwa, hupelekwa kwenye kamati, hujadiliwa na kurekebishwa, na mingi huishia njiani.

Kinachowachanganya hata wasomi ni fedha. Sheria huruhusu programu iwepo, lakini bajeti ndiyo huitengea fedha. Nchini Marekani, kwa mfano, sheria ya mwaka 2014 kuhusu mafunzo haya iliweka viwango vya fedha hadi mwaka wa bajeti wa 2020 tu, na programu zake zikaendelea baadaye kwa sababu bajeti ziliendelea kuzitengea fungu. Tena fungu hilo kwa kawaida hupitia kwa watoa mafunzo, haliingii mfukoni mwa mwanafunzi.

Kabla ya kuusambaza ujumbe kama huo, tafuta namba ya sheria na tarehe ya kuanza kutumika, kisha ukiulize kituo cha mafunzo chenyewe. Visipopatikana, tafadhali uishie kwako.