Haiponatremia: sodiamu ikishuka kwa mgonjwa aliyelazwa, dawa hufanya kazi gani?

Sodiamu ya damu ikisomeka chini ya milimoli 135 kwa lita, daktari huandika haiponatremia kwenye faili. Kiwango cha kawaida ni 135 hadi 145. Kati ya matatizo yote ya madini ya damu yanayowapata wagonjwa waliolazwa, hakuna linaloonekana mara nyingi kama hili. Ndugu wakiambiwa kwamba chumvi ya mgonjwa imepungua, huwaza kumletea supu iliyokolea chumvi. Nia yao ni njema, lakini kwa wagonjwa wengi chumvi ipo ya kutosha. Kilichozidi ni maji.

Kipimo husoma sodiamu iliyomo katika kila lita ya damu. Mchuzi ukiongezwa maji, chumvi yake haijapotea, ila umepwaya. Ndani ya mwili, mwenye kuzuia maji yasitoke ni homoni ya vasopresini, inayotengenezwa kwenye ubongo na kuachiliwa na tezi ya pituitari. Huziamuru figo zirudishe maji kwenye damu badala ya kuyatoa kama mkojo. Mtu aliyepungukiwa na maji au aliyevuja damu anaihitaji mno. Shida huanza pale homoni hii inapoendelea kutoka wakati mwili hauihitaji, na hilo hutokea kwa nimonia, TB, homa ya uti wa mgongo, saratani ya mapafu, maumivu na kichefuchefu baada ya upasuaji, au kwa dawa kama karbamazepini na baadhi ya dawa za sonona. Mwaka 1957, William Schwartz na Frederic Bartter wa Marekani, pamoja na wenzao, walieleza wagonjwa wawili wa saratani ya mapafu waliokuwa hivyo. Leo hali hiyo huandikwa kwa kifupi SIADH. Moyo ulioshindwa kusukuma damu vizuri na ini lililosinyaa kwa sirosisi nayo huipandisha homoni hiyohiyo, kwa njia nyingine. Mgonjwa wa namna hii akitundikiwa dripu ya maji ya sukari ya asilimia 5, sodiamu huzidi kushuka.

Ndiyo maana dawa haichaguliwi kwa kuangalia namba peke yake. Aliyekauka kwa kuhara na kutapika anahitaji dripu ya salini, yaani maji ya chumvi, ya asilimia 0.9. Aliyeshushwa na vidonge vya presha vya kundi la thayazaidi, kama haidroklorothayazaidi au bendrofluazaidi, ambavyo ni vya kawaida kabisa katika kliniki zetu, huachishwa kwanza vidonge hivyo. Mwenye kisukari kilichopanda sana anaweza kusomeka na sodiamu ya chini kwa sababu sukari imevuta maji kutoka kwenye seli, na hapo insulini na maji ya dripu ndiyo tiba. Tezi za adrenali zikiwa zimeharibika, kwa TB kwa mfano, haidrokotisoni, dawa inayoziba pengo la homoni ya tezi hizo, ndiyo itakayomsimamisha mgonjwa.

Kuna hali moja isiyosubiri uchunguzi mrefu: degedege, au fahamu zinazopotea. Sodiamu ikishuka kwa ghafla, maji huingia kwenye seli za ubongo, nao huvimba ndani ya fuvu lisilotanuka. Hapo hutolewa salini kali ya asilimia 3, mililita 100 hadi 150 kwa muda mfupi kupitia mshipa, na inaweza kurudiwa. Sodiamu ikipanda kwa milimoli 4 hadi 6 tu, kwa kawaida inatosha kuutoa ubongo kwenye hatari. Haihitajiki kufika 135 siku hiyo, wala haitakiwi.

Asiye katika hatari hiyo, na ambaye tatizo lake ni maji yaliyozidi, huanza kwa kupunguziwa kunywa, mara nyingi hadi mililita 800 au 1,000 kwa siku. Ni tiba ngumu kwa mtu mwenye kiu, na kwa baadhi haitoshi. Zipo dawa za kuisaidia: furosemaidi, dawa ya kukojoza, pamoja na vidonge vya chumvi, unga wa urea unaovuta maji yatoke na mkojo, na demeklosaiklini, antibayotiki ya zamani inayozifanya figo zisiitikie vasopresini. Lakini dawa zilizobuniwa mahususi kwa kazi hii ni vaptani.

Vaptani hukaa mahali ambapo vasopresini ingeshika kwenye figo. Amri haifiki, maji yanatoka kwa wingi, chumvi inabaki. Konivaptani, ya kudungwa kwenye mshipa, iliidhinishwa Marekani mwaka 2005. Tolvaptani, kidonge kutoka kampuni ya Otsuka ya Japani, iliidhinishwa huko mwaka 2009. Huanza kwa miligramu 15 mara moja kwa siku, na inaweza kupandishwa hadi 30, kisha 60. Lazima ianzishwe mgonjwa akiwa hospitalini. Katika saa 24 za mwanzo hazuiwi kunywa: anatakiwa aisikie kiu yake na aweze kuyafikia maji. Asiyejitambua, au aliyekauka tayari, dawa hii si yake. Juisi ya balungi huipandisha kwenye damu. Rifampisini ya TB huishusha sana, jambo zito kwetu, kwa kuwa TB yenyewe ni miongoni mwa visababishi.

Hofu kubwa ni kasi. Sodiamu ikikaa chini kwa siku mbili au zaidi, seli za ubongo hujizoesha kwa kutoa sehemu ya vitu vilivyomo ndani yake ili zisivimbe. Ikipandishwa ghafla, maji huzikimbia seli hizo, na utando unaozifunika neva unaharibika. Uharibifu huu ulielezwa mwaka 1959. Dalili huchelewa siku kadhaa: mgonjwa aliyeonekana kupata nafuu anaanza kuongea kwa shida, kumeza kwa shida, kisha miguu na mikono inalegea. Wengine hawarudi kama walivyokuwa. Kwa hiyo kupanda huwekewa mpaka wa milimoli 8 hadi 10 kwa saa 24, na chini ya hapo kwa mlevi wa siku nyingi, mwenye utapiamlo, mwenye ugonjwa wa ini au aliyepungukiwa potasiamu. Ikipanda kupita kiasi, madaktari huweza kuirudisha chini kwa maji na desmopresini, dawa inayofanya kazi kama vasopresini. Naona kupima damu kila baada ya saa chache ni sehemu ya dozi yenyewe. Wodi isiyoweza kupata majibu ya maabara usiku isianzishe vaptani jioni.

Wataalamu hawakubaliani kuhusu nafasi ya vaptani. Jopo la Marekani la mwaka 2013 liliikubali kwa SIADH, lakini mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2014 ulishauri isitumike. Mimi naegemea upande wa tahadhari. Utafiti wa EVEREST wa mwaka 2007, uliohusisha zaidi ya wagonjwa 4,000 wa moyo, ulionyesha kwamba tolvaptani haikupunguza vifo. Namba kupanda kwenye karatasi ya maabara ni jambo moja, mgonjwa kuishi zaidi ni jingine. Pia mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza isitumike zaidi ya siku 30, na wenye ugonjwa wa ini wasipewe, kwa sababu inaweza kuliumiza ini.

Dawa ikiachwa, sodiamu inaweza kushuka tena ikiwa chanzo bado kipo. Mgonjwa anayeruhusiwa aondoke na tarehe ya kipimo kijacho, kiasi cha maji anachoruhusiwa kunywa, na jina la dawa iliyomshushia sodiamu likiwa limeandikwa kwenye kadi yake, ili kliniki ya presha isimwandikie ileile mwezi ujao.