Daktari wa mifugo akiitwa wa mwisho

Simu tunazopigiwa wataalamu wa mifugo wilayani Arumeru zinafanana: “Daktari, ng'ombe ameanguka, hasimami.” Ukiuliza ameanza lini kuumwa, unajibiwa juzi. Hapo katikati ameshachomwa sindano ya dawa kutoka duka la pembejeo, kipimo cha kukisia, na mchomaji ni jirani. Kwa mwenye ng'ombe wawili tu wa maziwa, kukwepa gharama ya daktari kunaeleweka. Ila kwa ndigana kali, ugonjwa hatari wa ng'ombe, siku mbili ni nyingi mno.

Ndigana kali huenezwa na kupe wa kahawia wanaopenda masikio. Huanza kwa homa na tezi kuvimba chini ya sikio. Anayempapasa ndama wake kila asubuhi huigundua kabla mnyama hajasusa majani. Joto la kawaida la ng'ombe ni kama nyuzi 38.5 hadi 39.5. Likizidi hapo na tezi zimevimba, piga simu siku hiyohiyo, maana dawa ya bupavakwoni husaidia zaidi mapema. Akishaanza kuhema kwa shida na kutoa povu puani, mapafu yamejaa maji. Daktari aliyesukuma pikipiki kwenye tope la masika, mgombani hadi mgombani, hufika kutoa pole tu.

Chanjo ipo. Ndama huchanjwa vimelea hai na kupewa papo hapo antibiotiki ya oksitetrasaiklini inayodumu mwilini. Shida ni utunzaji: chanjo hukaa kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri, na ile iliyozoeleka hufungwa dozi 40 katika mrija mmoja. Ukishayeyushwa, haurudishwi, utumike ndani ya saa chache. Kwa wafugaji wa tambarare wenye makundi makubwa si tabu. Kule juu mlimani, kila boma lina ndama mmoja au wawili, mtaalamu huzunguka kubembeleza watu wakusanyike siku moja. Wakija 15, dozi 25 zinamwagwa. Nani alipe? Swali hilo huharibu urafiki mwingi.

Usiku ni kuzalisha. Ndama aliyekaa vizuri hutanguliza kwato mbili za mbele, pua ikiwa juu yake. Nyayo za kwato zikitazama juu, huenda ni miguu ya nyuma. Mara nyingi tunakuta vijana wanne wameshavuta kwa kamba, njia ya uzazi imevimba na kukauka, na mkono wa daktari hubanwa humo mpaka unakufa ganzi. Andaeni maji ya moto, sabuni na taa. Kamba iacheni.

Ugomvi mkubwa zaidi, hata hivyo, huletwa na mzoga. Mnyama akifa ghafla, damu nyeusi isiyoganda ikatoka puani au nyuma, shuku kimeta, ugonjwa unaoambukiza hata watu. Asichunwe. Mzoga ukipasuliwa, vimelea vikikutana na hewa hujivika ganda gumu na kuishi ardhini miongo mingi. Daktari anayezuia nyama huambiwa ana roho mbaya, wengine wakisubiri aondoke wafukue. Ndiyo maana tunataka shimo la mita 2 kwenda chini, chokaa juu ya mzoga, na mwenyekiti wa kitongoji awepo wakati wa kufukia. Aliyegusa mzoga akatokwa na kidonda chenye gaga jeusi katikati aende kituo cha afya, na aseme wazi kwamba aligusa mzoga.